Kisanduku Kisichobadili Nguo

Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha kituo cha polisi. La pili lilimpata Ramazani kwenye paji la uso, akaketi chini taratibu kama mgeni aliyekaribishwa kiti.

"Mama Inspekta," alisema huku damu ikimwingia jichoni, "hawa watu leo hawatatungoja tule."

Dieudonnée, afisa wa upelelezi wa polisi ya Kasongo, alimfunga kitambaa kichwani bila kumpa pole. Ramazani alikuwa askari mzee, pole zilishamchosha. Kisha akachungulia kwenye tundu la kioo.

Nje walijaa motari, vijana wa kubeba watu kwa pikipiki, kuanzia mlangoni mpaka kule kwenye mashine ya kusaga mihogo. Mbele yao tairi lilikuwa limelala chini, na ndani ya tairi bidoni ya petroli imekaa kama yai kwenye kiota. Mwenye bidoni alikuwa Élysée, mdogo wake Dady aliyeuawa juzi. Hawakuleta fimbo. Tairi na petroli, basi, na kila mtu wa huku anajua vitu hivyo viwili vikikutana vinafanya kazi gani.

"Tupe Octave!"

"Mutoe muuaji!"

Juu ya tandiko la pikipiki iliyoegeshwa alisimama Ismaël, mkubwa wa motari wote wa Kasongo. Yeye hakupiga kelele. Alikuwa analia, na machozi yake yaliwachoma watu kuliko kelele.

"Maman!" aliita. "Sisi hatuna vita na polisi. Tuna maiti saba wanangoja kaburi, na Dady kichwa chake tumekileta ndani ya gunia. Tupe yule mutu tumalize, tukazike wetu."

Dieudonnée alifungua mlango kiasi cha kupitisha uso.

"Nipeni mpaka watu watoke msikitini alasiri. Nikimjua muuaji, mlango huu nitaufungua kwa mkono wangu."

"Unaapa?"

"Naapa."

Ismaël alifuta macho. "Mumesikia wote. Alasiri."

*

Sasa, kabla hatujaingia kasho, chumba cha mahabusu, kumwona huyo Octave, jua kwanza kilichowaua wale saba.

Chama cha Tufike kilikuwa na tovuti ya maelekezo kwa motari: namna ya kuunga kebo ya klachi iliyokatika porini, mahali pa kuvusha pikipiki kwa mtumbwi, na ukurasa mmoja kwa kila njia. Juu ya kila ukurasa wa njia palikaa kisanduku cha onyo. Kijani, pita. Chekundu, usipite. Na kwa kuwa mtandao haufiki mbali na Kasongo, tovuti nzima ilifungwa kama kifurushi ikapita simu kwa simu. Anayetoka mjini anawapa wa Lusangi, wa Lusangi wanawapa wa Wamaza, kama majirani wanavyopeana kaa la moto.

Juzi kisanduku cha njia ya Wamaza kilikuwa kijani. Msafara ukapita Lusangi ukiimba. Mbele kidogo, pale mianzi inapobana njia, mti ulikuwa umelazwa, na nyuma ya mti watu wenye mapanga walikuwa wamekaa wakila miwa. Waliikata mikono ikiwa bado imeshika usukani. Waliwapasua wachuuzi matumbo wakitafuta mikanda ya fedha za kununulia dhahabu. Dady walimkata mara tatu, kwa sababu panga lilikuwa butu.

Habari ilipofika Kasongo, watu waliuliza swali moja tu: nani anatunza ile tovuti? Wakamkuta Octave sokoni ananunua chumvi, na polisi wakamtoa mikononi mwao nusu mfu.

*

Sikio la kushoto la Octave lilikuwa linaning'inia. Vidole viwili vya mkono wa kulia vilielekea upande ambao Mungu hakuvielekeza. Alikuwa ameegemea ukuta wa kasho, magoti kifuani.

Dieudonnée alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa. Alikuwa na mazoea yake ya kuhoji, na wezi wote wa Kasongo walikuwa wanayajua.

"Kitendawili."

"Tega," Octave alijibu. Mdomo ulikuwa umevimba, lakini neno lile hutoka lenyewe.

"Mkono uliandika nyekundu, jicho likasoma kijani."

"Mama, kama ningejua jibu lake, ningekuwa bado na sikio."

"Émérance, yule wa kuandika maonyo, anasema aliandika nyekundu."

"Aliandika nyekundu. Niko nyuma yake, nilimuona."

"Na motari wanasema walisoma kijani."

"Na wao hawasemi uongo. Kwa hiyo kisanduku ndicho kilidanganya."

"Nani anaweza kukifundisha kisanduku uongo?"

"Mwenye mashini tu, ile kompyuta ya Tufike."

"Mwenye mashini ni nani?"

"Ni mi."

"Unajichimbia kaburi, mwanangu."

"Wale wa nje wamekwisha kulichimba. Mi nasema kweli tu."

Jiwe lingine lilitua kwenye bati. Dieudonnée hakuinua macho.

"Nieleze hicho kisanduku kinavyotengenezwa. Nieleze kama unamweleza mama yako."

"Mama yangu anauza samaki Nyangwe."

"Basi nieleze kwa samaki."

Octave alijaribu kucheka, mdomo ukapasuka upya. "Ile tovuti ni vipande. Menyu, kichwa, mkia, kisanduku. Vyote vinatoka kiwandani vimepikwa. Ukitaka kimoja kifuate mapenzi yako, unafungua dirisha jeusi, unaandika amri, kifaa kinakuuliza: nikufungie ama nikung'olee? Kufunga ni samaki ndani ya jani. Jani ni lako, samaki ni wa kiwanda. Kung'oa, kinakupa samaki mwenyewe mikononi. Umupasue, umutoe miiba, ukitaka umutie sumu."

"Na kiwanda kikileta samaki wapya?"

"Aliye ndani ya jani anabadilika na wenzake. Aliyeng'olewa, kiwanda hakimujui tena. Anabaki vile alikuwa siku ile."

"Weye uliking'oa kisanduku?"

"Sijang'oa kitu hata siku moja. Mi nafunga tu. Kifaa chenyewe, ukikiamuru king'oe kisanduku, kinakuandikia onyo kwanza, kwamba kufanya vile si salama."

"Kikishang'olewa kinalala wapi?"

"Kinapata folda yake, kwenye vipande vya nyumbani. Folda inabeba jina la kile kipande." Alitema damu pembeni. "Mama. Alasiri ikifika, niue weye na bastola. Moto, hapana."

"Nyamaza. Alasiri bado."

Dieudonnée alitoka kwa nyuma, kwa kupanda ukuta wa choo. Ramazani alimshikia ngazi.

*

Kwenye dispensari, kitanda cha mwisho, alilala Rosine, mchuuzi wa vitenge. Ndiye peke yake aliyerudi na pumzi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa bonge la bendeji, vidole vilibaki kule kwenye mianzi. Alilala chini ya maiti mpaka wale watu walipoondoka.

"Dady anaendesha, mi niko nyuma na simu yake, namusomea njia," alisema akitazama dari. "Tulisimama Lusangi. Akaniuliza: dada, kisanduku? Nikamwambia: kijani, kanyaga. Mi ndiye nilimwambia akanyage."

"Simu iko wapi?"

Macho ya Rosine yaligeuka upesi. "Kwa nini kila mutu anaitaka hii simu?"

"Nani mwingine ameitaka?"

"Ismaël alikuja jana. Alilia hapa mpaka nesi akamuletea maji. Eti nimpe simu aipeleke kwa mama ya Dady. Nikamwambia, mama ya Dady nitamupelekea mwenyewe, na damu iliyo juu yake."

"Na mimi utanipa?"

"Utairudisha?"

"Nikishindwa, na mkono wangu uchukue."

Rosine aliuvuta mto kwa mkono mzima. Simu ilikuwa imepasuka kioo, damu imekauka ndani ya nyufa. Dieudonnée alifungua kifurushi, akaenda kwenye ukurasa wa Wamaza. Kijani. Pita.

Akaenda kwenye kidirisha cha kutafutia, akaandika *Wamaza*. Simu ilifikiri. Halafu ikatoa maneno yaliyofichwa chini ya ile rangi, kama mtu anayeinua mkeka: *Usipite. Watu wenye mapanga wameonekana kwenye mianzi. Ngojeni habari mpya.*

Yalikuwa maneno ya Émérance. Yalisafiri ndani ya ile simu njia yote, mfukoni mwa watu waliokufa.

Rosine aliyasoma mara moja tu, akageuza uso ukutani.

*

Nyumba ya Tufike ilikuwa na mabamba ya jua kwenye paa, kwa hiyo nusu ya mtaa ilichaji simu zake pale. Leo hakuna aliyekuja kuchukua yake. Émérance alikaa peke yake kati ya waya, mashavu yamekwaruzwa na kucha za mama mmoja aliyefiwa. Kazi yake ilikuwa kusikiliza fonii, ile redio ya kuitana na Wamaza, na kuandika maonyo.

"Umekuja kunikamata."

"Nilitoka kituoni kwa kazi hiyo. Maneno yako yameniwahi njiani." Dieudonnée aliweka simu ya Dady kando ya kompyuta. "Nifungulie ukurasa wa Wamaza."

Kwenye kompyuta kisanduku kilikuwa chekundu kama pilipili. Kwenye simu, kijani.

"Unaona nini?"

"Naona rangi mbili, mama. Ni hiyo inaniua."

"Achana na rangi. Tazama pembe."

Émérance aliinama. "Hiki cha simu kina pembe kali. Hiki cha mashini pembe zake ni za mviringo."

"Na menyu?"

"Menyu ni moja, kote. Vifungo ni vile vile, vya mviringo." Halafu akashika mdomo. "Ni nguo mpya!"

"Nguo gani?"

"Siku Octave alifika kutoka Nyangwe, hata maji hajanywa, alikaa pale ulipo akafungua dirisha jeusi, akaleta toleo jipya la kiwanda. Niko hapa namuangalia. Tovuti nzima ikavaa pembe za mviringo. Kisanduku peke yake kikabaki na pembe zake za zamani. Octave akasema labda kiwanda hakikukigusa. Tukacheka sana. Tukakiita mutoto wa kambo, hajanunuliwa nguo ya sikukuu."

"Kitendawili, Émérance."

"Mama, na leo hii?"

"Kitendawili."

"Haya, tega."

"Siku ya sikukuu ndugu zake wote walivalishwa, yeye peke yake akabaki na nguo ya zamani."

Émérance alijibu polepole, kama mtu anayevuta mwiba. "Hakuwa nyumbani."

"Hakuwa nyumbani. Alikuwa amekwisha kung'olewa, kabla Octave hajaigusa hii mashini. Nani alikuwa mwenyewe kabla ya Octave?"

Émérance alitazama waya za simu. Aliangalia mlango. "Ismaël," alisema. "Mpaka motari walipomuchagua mukubwa wao."

"Nionyeshe vipande vya nyumbani."

Walitafuta pamoja. Mle ndani kulikuwa na folda ya menyu, na ndani yake jani la Octave, limefunga kipande cha kiwanda kama alivyosema. Chini yake folda nyingine ilibeba jina la kisanduku cha onyo. Waliifungua. Kiota bila yai.

"Kuna mutu amefuta," Émérance alinong'ona.

"Ndiyo sababu mashini yako leo inasema kweli. Kile kilichong'olewa kimetupwa, kile cha kiwanda kimerudi mahali pake, na nguo yake mpya. Jana nani alikaa hapa?"

"Watu wote wanaingia kuchaji. Lakini kwenye mashini... mama, alikuwa ni yeye. Mi nilikuwa kwenye fonii nahesabiwa maiti. Alisema anatengeneza ile kitu, watu wasiendelee kufa. Halafu akazunguka kwa motari wote akiwapa kifurushi kipya. Aliwaambia: futeni ile ya damu. Mi nilimushukuru. Nilimupikia hata chai!"

"Saa hiyo Octave alikuwa wapi?"

"Octave? Walikuwa wanamupiga sokoni. Tulisikia kelele mpaka hapa."

Mbali, mwadhini alikohoa kwenye kipaza sauti.

*

Hakurudi kwa ukuta wa choo. Alirudi kwa mbele, katikati ya watu, kwa sababu mlango ulikuwa tayari umelowa petroli na Ramazani alikuwa peke yake ndani.

Walimpisha kwa shida. Mmoja alimtemea mate. Mwingine alimpiga mnyororo wa pikipiki begani, nyama ikafunguka, naye akaendelea kutembea kama mtu aliyeguswa na tawi. Alipofika alisimama, mgongo wake kwenye mlango.

"Alasiri imefika!" Élysée aliinua bidoni. "Fungua!"

"Toka pale, mama! Utaungua bure!"

"Fungua!"

Sauti yake isingeweza kushinda zile zote. Basi hakujaribu kuzishinda. Aliweka mikono mdomoni, akaita kama wanavyoita mama zetu jikoni mihogo ikichelewa kuiva:

"Kitendawili!"

Na nani aliyenyonya ziwa la huku anaweza kuliacha neno lile bila jibu? Wazee wa kando walijibu kwanza, wakajishangaa. Halafu wanawake. Halafu motari wenyewe, mawe mkononi:

"Tega!"

"Nyumba iliwaka moto! Mwenye maji ni mmoja, na amefungwa kamba! Sasa moto umezimika. Nani kauzima?"

Watu walitazamana. Kelele ilishuka. Bibi mmoja wa vitumbua alipaza sauti kutoka nyuma:

"Kuna mutu mwingine mwenye maji!"

"Ahsante, mama! Sasa nijibuni. Jana nani aliwapa kifurushi kipya?"

"Ismaël!"

"Kisanduku cha Wamaza ndani yake rangi gani?"

"Nyekundu!"

"Na Octave alikuwa wapi?"

"Chini ya viatu vyetu!" alisema kijana mmoja, na wengine wakacheka. Kicheko kilienda nusu ya njia, kikafa.

"Basi," Dieudonnée alisema, "nani alitengeneza?"

Walimgeukia Ismaël, juu ya pikipiki yake.

"Ni mi!" Ismaël alifungua mikono. "Na ni kosa? Mi nilitunza ile mashini kabla yake. Nilikuta huyu shetani ameandika ndani ya kisanduku: njia ya Wamaza, kila siku kijani. Nikakiondoa. Ningeacha wengine wafe?"

"Kiko wapi hicho ulichokuta?"

"Nilifuta."

"Wafu saba, na ulifuta panga lililowaua."

"Kwa uchungu, maman! Kwa uchungu!"

"Lilikuwa na pembe gani?"

Ismaël aliwatazama motari wake. "Pembe?"

Dieudonnée aliinua simu ya Dady. Damu kavu ilionekana mpaka safu ya nyuma. "Hii ni ile ambayo Rosine alikunyima. Élysée, njoo. Ni ya kaka yako. Tazama kisanduku, utazame na vifungo vya chini. Waambie wenzako."

Élysée alikuja na bidoni yake. Aliitazama simu kwa muda, kidole kwenye ufa. "Vifungo ni mviringo," alisema. "Kisanduku kina pembe kali. Kama ile ya zamani. Kama zile tulikuwa nazo wakati..."

"Wakati gani?"

"Wakati wa Ismaël."

"Octave aliivalisha tovuti nguo mpya siku aliyofika, Émérance akiwa pale. Kisanduku hakikuvaa kwa sababu kilikuwa kimekwisha kung'olewa. Kilingojea. Kila njia kilisema kweli, kilikuwa kinangojea Wamaza iwe nyekundu na msafara uwe na fedha."

"Na weye ndiye ulisema waondoke," sauti moja ilisema polepole katikati ya motari. "Ismaël. Walitaka kungoja soko lijalo. Weye ulisema waende."

Machozi ya Ismaël yalikatika kama bomba lililofungwa. Mkono wake ulishuka chini ya tandiko, ukarudi na panga.

Aliruka kutoka juu. Dieudonnée aliinua mkono wa kushoto, panga likaingia mpaka mfupa likanasa pale. Wakasimama hivyo, uso kwa uso, kama wacheza ngoma. Kwa mkono wa kulia alitoa bastola, akaipitisha chini ya kiwiko chake mwenyewe, akamfyatulia risasi ya goti. Goti la Ismaël lilifunguka. Alianguka ndani ya lile tairi alilolileta.

"Walisema watachukua mikanda tu!" alipiga yowe. "Waliniapia! Hawataua mutu, walisema hawataua mutu!"

Hapo hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine, na ndiyo ilikuwa shida.

Walimwangukia wote kwa pamoja. Kiatu kilivunja meno. Jiwe lilipiga mbavu, zikalia. Mtu alimwinua kichwa kwa nywele, mwingine akamvisha tairi shingoni. Dieudonnée aliingia katikati kwa mabega, panga bado linaning'inia mkononi mwake mpaka lilipodondoka lenyewe. Ramazani alifungua dirisha, akapiga risasi hewani, akapiga tena. Katika ule mshtuko mfupi Dieudonnée alilivua tairi, akamshika Ismaël ukosi, akamburuta mpaka mlangoni kama gunia la mpunga.

"Uliahidi!" Élysée alilia. "Uliahidi mbele yetu! Ukimjua muuaji, mlango utaufungua kwa mkono wako!"

"Niliahidi."

Mlango ulifunguka. Octave alitoka, Ramazani amemshika kwapa, akapepesa macho kwenye jua. Dieudonnée alimsukuma Ismaël ndani kwa mguu, akafunga, akazungusha ufunguo, akautia kifuani ndani ya blauzi.

"Nimeufungua," alisema. "Kasho tunayo moja tu."

Akaketi kizingitini. Damu ya mkono wake ilitiririka ikachanganyika na petroli, ikaogelea juu yake rangi rangi.

Watu walisogea. Sasa hawakupiga kelele, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Élysée alisimama mbele yake.

"Toka pale, mama. Safari hii ni yeye kweli."

"Asubuhi mlisema nini?"

"Asubuhi tulikosea."

"Asubuhi mlisema ni yeye kweli. Ismaël atasema majina ya wale wa kwenye mianzi. Akiungua, majina yanaungua naye, na wao bado wana miwa ya kula."

"Kaka yangu tutamuzika vipande."

"Najua."

Élysée aliinamisha bidoni. Petroli ilimwagika juu ya viatu vya Dieudonnée, ikapanda sketi, ikafika magotini. Mkono wake mwingine ulitoa kiberiti, njiti zikacheza ndani yake.

Ramazani alikuwa na risasi chache, na watu walikuwa wamejaa mpaka mashine ya kusaga. Dieudonnée aliweka bastola chini. Aliwatazama mmoja mmoja, wale aliowakamata wakiwa watoto kwa kuiba maembe, wale aliowapatanisha na wake zao.

"Kitendawili," alisema.

Hakuna aliyejibu. Hata wazee. Hata bibi wa vitumbua. Élysée alifungua kiberiti, akachagua njiti.

Na pale kando yake, chini, mtu alijiburuta akaketi. Octave alikuwa hajaenda nyumbani. Alikaa ndani ya petroli, akaegemeza mgongo kwenye mlango ule ule, sikio lake likining'inia, vidole vyake vilivyovunjika juu ya goti. Alimeza damu kwanza ili neno lipite vizuri.

"Tega, mama," alisema.